Kwa Kalamu ya Risasi

Mama yangu, Eirlys, ni wa Novemba ya hamsini na nne,
mtoto wa nyumba za safu kule Llanelli,
moshi wa kiwanda cha mabati ukimbishia dirishani.
Mashuka ya hospitali ameyafua tangu mimi sijaota meno.
Mikono yake hunuka klorini hata Jumapili,
hata akimenya viazi.

Sitini, walimwambia.
Akaiandika kwa kalamu ya risasi
ndani ya mlango wa kabati la vikombe,
palepale alipokuwa akitupima urefu, mimi na Rhodri.
"Nikifika hapa," akasema, "nakaa."
Hakusema atakaa wapi.
Kukaa tu kulitosha.

Barua, kama ilikuja, haikuja kwetu.
Ni Bethan wa mashine namba tatu aliyemwambia
wakikunja blanketi, kila mmoja kashika pembe zake mbili:
sitini imefutwa, dada. Ni sitini na nne na ushei.
Wakakutana katikati, pembe kwa pembe,
wakachukua blanketi jingine.
Miaka ikapita, na ule ushei nao ukanenepa:
sitini na sita.

Kila mara mama alisugua kwa kifutio,
akaandika juu kidogo.
Sisi tulirefuka, tukaipita mistari yetu.
Wake ndio uliorefuka,
yeye akisinyaa chini yake.

Baba, Gwilym, alichangia miaka arobaini na minane.
Alikufa Machi, imebaki miezi kumi na mmoja.
Jirani aliyeleta keki ya matanga akasema,
basi tu, akiba haiozi.
"Haiozi," mama akajibu, akitafuta kisu,
"mwenyewe ndiye huoza."

Nikamwombea hesabu yake. Ikaja karatasi:
miaka thelathini na mitano ndiyo pensheni kamili,
wewe una thelathini na miwili.
Mitatu, imeandikwa, haijakamilika.
Ni ile ya Mamgu.
Ya kumwogesha, kumlisha uji kwa kijiko cha mtoto,
kumfuata barabarani saa nane za usiku
amevaa koti la babu juu ya gauni la kulalia.
Kompyuta haikumjua Mamgu.

Unaweza kuinunua, ilisema sauti ya simu,
yenye adabu, yenye mafua.
Mama akacheka mpaka akashika meza.
"Ninunue miaka niliyokwisha kuishi?"
Usiku akashusha bati la biskuti, akahesabu.
Akanunua miwili.
Huu wa tatu, akasema, niachieni.
Ndio mwaka Mamgu alioanza kuniita dada,
na sitaki kuuona kwenye risiti.

Pesa ya kwanza iliingia Jumanne.
Alisimama mbele ya mashine ya benki kwa muda,
watu nyuma yake wakikohoa,
akasoma tarakimu kama mtu anayesoma jina lake
kwenye mlango wa nyumba asiyoijua.
Kisha akaenda kununua viatu,
laini, vya kijani, visivyofaa kusimama navyo zamu nzima.
Nilimkuta saa nne asubuhi, kitini, koti mwilini.
"Nakaa," akaniambia,
kama aliyefumaniwa.

Yangu mimi, kwa sheria ya leo, ni sitini na nane.
Kwa sheria ya leo: nalisema neno hilo
kama wasafiri wanavyosema inshallah.
Natenga pauni arobaini kila mwezi.
Nimeuliza michango yangu, mwaka kwa mwaka,
na ule niliokaa na pacha nimehakikisha umeandikwa.
Kisha nikafungua kabati la vikombe,
nikapanda juu ya stuli, kwa kuwa mkono haukufika,
nikachora mstari wangu.

Mama akainua macho kutoka kwenye viatu vyake.
"Kwa wino?"

Hapana, mama.

"Vizuri," akasema. "Kifutio kimo kwenye droo ya vijiko."